Ikuze Mpaka Tumwone Dhondiba

Khandewadi, 5 Machi 2011

Pranali,

Huna haya wewe! Miaka yote hiyo unakula chakula cha Mumbai, hukuwahi kufungua mdomo ukaniambia mimi bibi yako kwamba unajua kumtoa mtu ndani ya picha? Mdogo wangu Dhondiba amepotea tangu mvua zilizopita, kijiji kizima kimemtafuta hadi kwenye mitaro ya miwa, na wewe dawa umeikalia! Ungekuwa karibu ningelivuta hilo sikio mpaka lifanane na la ndovu.

Usijifanye hujui ninachosema. Sinema ya hema imekuja na sherehe ya kijiji kama kila mwaka, nikaenda, nikamburuta na wifi yangu Anusaya, maana tangu mumewe apotee anakaa ndani kama chungu kilichopasuka. Tukakalia gunia letu upande wa wanawake. Ilikuwa ile filamu ya inspekta mwenye miwani myeusi. Kuna binti mle, nywele kazikata kama mvulana, anachapa kompyuta kama anapepeta mtama. Anachukua picha ya gari. Ndani ya gari kuna kioo, ndani ya kioo kuna doa. Inspekta anasema, "Ikuze!" Kompyuta inalia pi-pi-pi. "Ikuze tena!" Doa likawa uso, uso ukawa na kovu, muuaji akakamatwa akiwa anakula. Hema zima makofi.

Watu wakainuka, wanakung'uta magunia. Mimi nikabaki. Nimejifunza kusoma nikiwa na mvi, sipotezi herufi hata moja niliyolipiwa na serikali. Majina ya waliotengeneza filamu yakawa yanapanda, nikaona: vioo vya kompyuta, Pranali Jadhav. Nikapiga yowe. "Mjukuu wangu huyo!" Mzee Ganpat akasema, "Jina tu limefanana, Hausabai." Nikamwambia, "Hata mbuzi wangu ana ndevu kama zako, mbona simwamkii?"

Hapo Anusaya akanivuta ncha ya sari. Akasema kwa sauti ndogo, "Wifi, ile picha ya Pandharpur."

Ndiyo hii ninayoituma. Unajua mdogo wangu alitoka kwenda hija ya Pandharpur kwa miguu na wenzake, na kichwa chake kilikuwa kimeshaanza kusahau. Walipofika Phaltan kwenye ule umati akasimama kunywa maji, na hapo ndipo walipomwona mwisho. Picha hii ilipigwa Pandharpur kwenyewe, siku kuu, ukingoni mwa mto. Wanaume wote wamevaa kofia nyeupe na nguo nyeupe, kama shamba la pamba. Lakini nyuma ya lori la maji yuko mmoja, mdogo kama punje ya haradali, kichwa kakilaza begani. Anusaya anasema ni mumewe. Mimi nasema ni uchafu wa inzi. Ila akiwa ni yeye, basi alifika. Na aliyefika huenda bado yupo.

Ikuze. Yule binti alimaliza kabla inspekta hajamaliza sigara yake, kwa hiyo usiniambie una kazi nyingi.

Simu usipige. Sikio la kulia limekufa na la kushoto linachagua maneno. Andika. Nimekufungia njugu na sukari guru, usigawie wavivu wa ofisini kwako.

Aji yako,
Hausabai

*

Mumbai, 14 Machi 2011

Aji yangu,

Nagusa miguu yako kutoka huku, na sikio langu nimelificha. Njugu zimefika. Sikugawa. Nilimwonjesha mmoja tu, naye si mvivu sana.

Sasa nisikilize bila kukasirika, japo najua ukiambiwa usikasirike ndipo unapokasirika. Kompyuta uliyoiona ni sanduku. Kibodi yake haina waya. Kioo chake ni cha televisheni, na kila kinachoonekana pale nilikichora mimi kabla yule dada hajaja kazini, kama wewe unavyochora maua ya unga mlangoni kabla wageni hawajafika. Yeye kazi yake ni kubonyeza tu. Siku ile aliniuliza, "Nibonyeze wapi?" Nikamwambia, "Popote dada, maandishi yatatoka yaleyale." Akachapa kwa viwiko huku anacheka, na neno la siri likatoka bila kosa.

Zile namba za kijani zinazomwagika hazisemi kitu. Nyingine ni namba ya simu ya mama mwenye nyumba wangu, nimeikorogakoroga. Na ule mlio huongezwa baadaye. Kompyuta ya kweli ikianza kukulilia hivyo, ujue imeharibika. Nilimwambia mwongozaji wetu, Bwana Sabnis, "Hakuna kompyuta duniani inayofanya hivi." Akaniuliza, "Kwani ya kweli inafanya nini?" Nikasema, "Mara nyingi unakaa unaingoja." Akapiga meza. "Nani atakata tiketi aje kumtazama mtu anangoja? Tia nyekundu! Tia mlio!" Nikatia.

Na ule uso, Aji. Tulimpiga picha mwigizaji mwenye kovu, picha safi kabisa. Kisha nikaichafua. Nikaichafua tena na tena mpaka ikawa doa. Kwenye filamu tukaanza na doa, tukarudi kinyumenyume hadi kwenye uso. Hakuna aliyeupata uso ule. Ulikuwapo tangu mwanzo, sisi ndio tuliouficha.

Picha yako nimeiweka kwenye kompyuta ya kweli, nikaikuza. Ile punje imekuwa vigae vichache, vyeupe na vya kahawia. Hakuna jicho, hakuna pua. Kamera ilikuwa mbali, haikuuona uso huo, na kompyuta haiwezi kukumbuka kitu ambacho kamera haikukiona. Ningekuwa na uwezo, unadhani ningengoja sinema ya hema ikuambie?

Mpe pole Anusaya Aji. Mwambie namkumbuka babu Dhondiba akinibeba kwenda kuona ndovu wa Karad.

Wako,
Pranali

*

Khandewadi, 23 Machi 2011

Pranali,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya pili imenikera zaidi ya ya kwanza. Ati sanduku! Ati namba ya mama mwenye nyumba! Babu yako Dhondiba alilima mpaka akapinda ili watoto wa nyumba hii wasome, mama yako akakusomesha wewe, na wewe umekwenda mjini kupaka sanduku rangi? Siamini. Najua mganga hataji mizizi yake. Lakini mimi si mteja, mimi ni bibi yako, na hapo unapotikisa kichwa unasema "Aji haelewi," tulia.

Sikukuambia jambo lote. Sasa nakuambia.

Balu, mtoto wa Dhondiba, amechoka kungoja. Amekwenda kuongea na kuhani. Kuhani amesema mtu asiporudi, anafumwa mtu wa nyasi, analazwa juu ya kuni, anachomwa kama maiti, mambo yanakwisha. Balu anataka afanye hivyo kabla ya mvua. Nikamwambia, "Utamchoma baba yako hali hujui kama amekula jana?" Akaniambia, "Atya, shangazi yangu, watu wananiuliza kila siku. Nimechoka kuwa mtoto wa mtu asiyekuwepo wala asiyekufa."

Siku wakichoma nyasi hizo, wanawake watamkalisha Anusaya chini, watamfuta alama nyekundu ya paji, watamvunja bangili za kijani. Mume wa nyasi, mjane wa kweli! Na tayari wameanza. Mwezi ujao wanawake wenye waume wanaalikana kupakana manjano na kumkum, ule unga mwekundu wa paji, na kunywa maji ya embe bichi. Mke wa mwenyekiti amepita kila mlango kualika. Wetu akauruka. Anusaya alikuwa kizingitini, kashaweka mikono sawa ya kupokea. Akabaki hivyo hivyo na mikono yake.

Mimi bangili zangu zilivunjwa kwa jiwe la kusagia nikiwa na umri mdogo kuliko wako. Kipande kiliingia hapa kwenye kifundo, bado kovu lipo. Watu wa mume wangu wakanipa pembe ya zizi nilale. Aliyekuja kunitoa ni Dhondiba, kijana hata ndevu hana, kakodi mkokoteni wa ng'ombe. Tulipofika akamwambia mkewe, "Dada amekuja, chukua mzigo." Anusaya akachukua. Tangu siku hiyo hajaniuliza naondoka lini.

Basi usiniletee habari za vigae. Jaribu tena. Azima kompyuta kubwa zaidi. Mbele ya mke wa mwenyekiti nimeshasema kwamba mjukuu wangu atatoa uso, na maneno yangu sijawahi kuyala.

Hausabai

*

Mumbai, 2 Aprili 2011

Aji,

Nimejaribu tena, kwa kompyuta ya ofisini iliyo kubwa. Picha iko ndani ya bahasha, katikati ya kadi mbili ili isikunjike.

Ni yeye.

Nina haraka, tunapiga filamu nje ya mji. Msalimie Anusaya Aji. Mwambie asivue bangili.

Pranali

*

Khandewadi, 12 Aprili 2011

Pranali wangu, macho yangu, chumvi ya mchuzi wangu!

Si nilikuambia? Ungenisikiliza tangu mwanzo usingepoteza stempu.

Nilifungua bahasha uani. Nikaona pua. Nikasema pua ile naijua, nimeifuta kamasi mimi mwenyewe. Nikaita, "Anusaya! Toka!" Akatoka na unga mikononi, akaishika picha kwa ncha za vidole. Ametazama, ametazama. Akasema, "Wifi, mbona ana masharubu? Aliyanyoa alipougua." Nikamwambia, "Masharubu ni majani, yanaota." Akasema, "Na mashavu? Aliondoka hapa taya zimeingia ndani, meno hana." Nikamwambia, "Amenenepa! Chakula cha mahujaji kimemkaa, mlafi yule. Wewe unabishana na kompyuta?" Basi akaiweka picha machoni, jicho hili na hili, akaingia jikoni. Nikamsikia anakula. Peke yake, bila kubembelezwa, mkate wa mtama na pilipili ya kutwanga. Mimi nilikuwa na moshi machoni, kuni zilikuwa mbichi.

Nikaivaa sari yangu ya sherehe, nikaipeleka picha nyumba kwa nyumba. Kwa mwenyekiti niliingia bila kubisha hodi. Nikamwambia mkewe, "Mtazame shemeji yako alivyojaa." Jioni yake kaja mwenyewe kumwalika Anusaya, na siku ya siku akampaka kumkum nene mpaka ikamdondokea puani. Mimi nilikaa nje kama tunavyokaa sisi wajane, nikawasikia wanacheka ndani, na Anusaya naye. Balu nimemwambia nyasi zake awape ng'ombe. Amelia kama mtoto, likubwa lile.

Sasa jitayarishe, umekuwa maarufu. Mzee Ganpat analeta picha ya arusi iliyopigwa siku baiskeli yake ilipoibiwa, anataka umkuze mwizi aliye nyuma ya ukuta. Nikamwuliza, "Ukuta je?" Akasema, "Usogeze kidogo." Jirani yetu Kashibai ameletewa posa ya binti yake, lakini picha ya kijana imepigwa kwa nyuma akipanda pikipiki. Anaomba umgeuze. Nimewaambia wangoje zamu.

Jambo kubwa ni hili. Anusaya hakai tena. Anasema kama alifika Pandharpur na kunenepa, basi kuna mtu anayempikia, na mtu huyo ana mlango. Ameibandika picha kwenye ubao mdogo wa shule, seremala kautia kamba, ataivaa shingoni apite nayo nyumba za mahujaji. Miguu yake imevimba unaijua. Nimemwambia, "Utaanguka njiani." Akaniambia, "Basi njoo uniokote." Kesho kutwa tunapanda basi, yeye na mimi. Tutalala kwenye nyumba za mahujaji mpaka tumpate.

Mungu akuzidishie hiyo akili.

Aji yako

*

Mumbai, 18 Aprili 2011

Aji,

Usipande basi. Kama barua hii imekukuta mlangoni na mzigo begani, uweke chini kwanza.

Uso ule si wa picha ya Pandharpur. Niliutoa kwenye picha ya arusi ya Balu, ile ambayo babu amesimama na kilemba, kifua mbele, masharubu kayapaka mafuta. Nikaukata. Nikauinamisha kidogo uende na bega la yule mtu. Kisha nikauchafua, nikautia chembechembe na kivuli cha lori, mpaka ukaonekana umetoka mbali. Ni kazi ninayoifanya kila siku, mkono ulikwenda wenyewe. Nilipomaliza hata mimi nilimwona babu amesimama mtoni. Nikakaa namtazama, nikasahau kwamba nimemweka mimi.

Nilikuwa na picha nyingine, Aji. Ile niliyompiga kwa simu sikukuu ya Diwali ya mwisho aliyokuwa nyumbani, kajifunika blanketi kichwani, kibogoyo, anacheka na wewe umesimama nyuma unamgombeza. Nikaiona mbaya. Nikasema Anusaya Aji amwone mumewe mzima, mwenye nguvu. Bwana Sabnis angechagua vilevile.

Nilifikiri mtaiweka ukutani tu. Nilifikiri Balu ataziacha nyasi, bangili zitabaki, mwisho wa habari, watu wanainuka wanakung'uta magunia. Sikufikiri kwamba mtu ataivaa shingoni atoke nayo.

Yule mtu wa kweli kwenye picha bado ni vigae. Huenda ni babu. Huenda si yeye. Sijui, na kompyuta haijui.

Nigombeze. Nipige. Ila nijibu.

Pranali

*

Mumbai, 5 Mei 2011

Aji,

Hujajibu. Nimepiga simu dukani kwa Shankar, akaniambia, "Mlango umefungwa, mbuzi yuko kwa Kashibai, bibi zako wametoka kama askari wa mpakani." Nikamwuliza barua yangu iko wapi. Akasema tarishi aliipitisha chini ya mlango.

Kwa hiyo iko sakafuni, na ninyi mko Pandharpur kwenye jua hili la Mei mnazunguka na uso wangu wa uongo.

Nimeomba ruhusa nije kuwatafuta, Bwana Sabnis amekataa mpaka tumalize filamu. Safari hii kompyuta inalipuka moto kwa sababu mtu amekosea neno la siri. Nilimwambia, "Inakataa tu bwana, inakuomba ujaribu tena." Hakunisikia, alikuwa anachagua ukubwa wa moto.

Nitafuteni hata kwa simu ya dukani. Hata kwa matusi. Nimezoea kuamshwa na maneno yako, kimya chako sikijui.

Pranali wako

*

Khandewadi, 14 Mei 2011

Pranali,

Tumerudi juzi. Barua yako niliikanyaga nilipofungua mlango. Sikuisoma kwanza, nilimkanda Anusaya miguu. Kisha nikaisoma. Kisha nikatoka nikaenda kisimani bila ndoo.

Matusi uliyoyaomba nilikuwa nayo tele, nikayapanga vizuri njia nzima ya kurudi kutoka kisimani. Lakini ngoja nikuambie tulichokifanya huko, halafu utajua mwenyewe unastahili lipi.

Tulipita nyumba za mahujaji zote, hata zile zisizopokea watu wa kwetu. Anusaya mbele na ubao kifuani, mimi nyuma na chupa ya maji. Watu wana adabu Pandharpur, kila mtu anamwita mwenzake Mama, hata mwanaume kwa mwanaume. "Mama, huyu hatukumwona." "Mama, masharubu haya ningeyakumbuka." Anusaya anashukuru, anasogea mlango wa pili. Ikafika siku akashindwa kusimama. Nikamkalisha kwenye ngazi za mto, nikauvaa ubao mimi.

Nyuma ya soko la bangili kuna nyumba moja ndogo. Mpishi wake ni mwanamke mwenye mikono kama michi. Akautazama ubao huku anakoroga. "Huyu bwana mkubwa simjui," akasema. "Mvua zilizopita tulikaa na mmoja hapa, lakini alikuwa kibogoyo. Ukimwuliza jina anacheka. Anaosha sufuria za wenzake bila kuambiwa, na anazipanga kubwa chini ndogo juu. Baridi ilipoingia, mahujaji wa msafara wa Latur wakamhurumia, wakasema asibaki peke yake, wakaondoka naye."

Unajua nilimjibu nini, Pranali? Nilimwambia, "Dada, usinipotezee wakati na vibogoyo. Wetu amenenepa, kompyuta imethibitisha." Akasema, "Basi si huyo," akarudi kwenye sufuria yake. Nikatoka.

Nikatoka! Mimi niliyemlea! Kuna mwanaume gani wa Khandewadi anayeosha sufuria bila kuambiwa, kama si yule niliyekua naye nyuma ya jiko la mama yetu? Mpishi ananipa mdogo wangu mkononi, na mimi namrudishia kwa sababu ya shavu ulilolitia wewe. Ungetuma vile vigae, ningemwuliza vizuri. Kwa vigae ningeuliza kila mtu kila kitu. Ulipotupa uso safi, tukawa hatutafuti tena, tunalinganisha tu.

Uliona kibogoyo ni aibu, ukamchagulia mwingine. Lakini wifi yangu hakuolewa na masharubu, mtoto mpumbavu. Angetazama blanketi lile angelijua tundu kwa tundu, maana ndiye aliyelishona. Na alinionya siku ya kwanza kabisa, uani, na unga mikononi. Nikamnyamazisha. Hilo la kwangu, nitalibeba mwenyewe, usiliguse.

Bado sijamwambia. Anadhani tumekosa tu. Jana alikuwa anamwambia Balu, "Baba yako mnene hivi hawezi kwenda mbali, tutarudi." Balu ananitazama mimi. Nimemwambia nyasi hazifumwi mwaka huu, akithubutu nitamlaza yeye juu ya kuni. Mke wa mwenyekiti ameuliza, nimemwambia mume wa mtu anatafutwa, na anayetafutwa hajafa. Sijui kama ni kweli. Latur ni mbali, mwaka umezunguka, na mdogo wangu jina lake halijui. Lakini sasa lipo la kufanya, na kabla ya hapo hatukuwa nalo.

Wewe umefanya uovu kwa kupenda. Nimejaribu kukuchukia tangu juzi, nikaona ni kazi nzito kuliko kubeba ubao, nikaacha. Usidhani nimekusamehe. Nimeacha tu.

Sasa sikia, na ufanye kwa mpangilio huu huu. Hiyo kompyuta yako ya kweli, ya kungojangoja, inaweza kuchapa picha? Basi ichape ile ya blanketi. Nyingi, za kumfikia kila mtu wa msafara wa Latur. Usiisafishe. Usimtie jino hata moja. Mimi niliyesimama nyuma ninagombeza uniache hapo hapo, maana akiwa popote akiona mdomo wangu umefunguka vile atajua ni nyumbani.

Mwambie huyo bwana wako wa moto kwamba kuna maiti ya nyasi kwenu. Panda basi la Karad, na ulete viatu vya kutembelea, si vile vya visigino. Mahujaji wanapita Phaltan mvua zikianza, tutaingia kati yao sisi watatu na tutauliza tukitembea.

Ukifika usiingie kwangu. Pita mlango wa Anusaya. Vua viatu, kaa chini, mshike miguu taratibu maana imevimba, na useme mwenyewe, kwa mdomo wako, kila kitu, mpaka kwenye masharubu. Akilia mwache alie. Akinyamaza kaa hapo hapo mpaka aseme. Mimi nitakuwa nyuma ya ukuta kwa sikio la kushoto, na nisikusikie unamwambia hata neno moja zuri ambalo si kweli.

Hausabai